Shajara ya mradi: Kusoma uchafu wa Mto Msimbazi kwa diatomu

Hali hadi 4 Oktoba 2025: vituo vinne vimesomwa mara moja, marumaru za awamu ya pili (vipande vya vigae vya kuoteshea utelezi) ziko majini.

Kazi yenyewe ni kusugua utelezi unaoota juu ya kitu kigumu kilichozama mtoni, kuzisafisha diatomu zilizomo (mwani wa seli moja wenye gamba la silika) hadi yabaki magamba ya silika matupu, kuhesabu valvu 400, yaani nusu za magamba, kwa kila sampuli, kisha kuigeuza orodha ya spishi kuwa alama moja ya ubora wa maji. Chupa ya maji ya kupeleka maabara ya kemia husema mto ulikuwaje saa ile ulipochota tu. Majitaka yakifunguliwa usiku wa manane, chupa ya saa nne asubuhi haina habari. Utelezi ulikuwepo usiku huo.

7 Juni 2025: Vituo

Tulianza na vituo vitano, kutoka juu kwenda chini: kijito cha vilima vya Pugu, Ukonga, Vingunguti, Kigogo na Jangwani. Sharti lilikuwa maji yanayotembea, jua linalofika majini, na kina cha sentimita 20 hadi 50 kinachobaki hivyo hata kiangazi.

Jangwani kilifutwa mapema. Maji ya bahari yakijaa, hasa wakati wa bamvua, chumvi hupanda na mto. Diatomu za maji ya chumvichumvi zikiingia kwenye hesabu, fahirisi (kanuni za kutoa alama ya ubora wa maji) zilizotungwa kwa mito ya maji baridi huisoma chumvi kana kwamba ni majitaka. Kwenye mto wowote wa pwani, pima upitishaji umeme wa maji mara mbili siku ile ile, yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Namba zikitofautiana sana, sogea juu.

Mabuti ya mpira, glavu za kufika kiwikoni, na mwenye kidonda abaki ukingoni. Juu kuna hofu ya kichocho, chini kuna panya na homa ya mgunda.

14 Juni: Mawe hakuna

Miongozo karibu yote, iliyoandikwa Ulaya na Afrika Kusini, inasema okota mawe matano. Msimbazi ni mchanga mtupu. Vitu vigumu vilivyomo ni vipande vya zege, matofali, matairi na chupa. Tulisugua zege, tofali na tairi kutoka kituo kimoja tukavitazama kwa hadubini: mchanganyiko wa spishi ulitofautiana kiasi cha kudhani ni mito mitatu. Zege jipya hutoa chokaa inayopandisha pH pale juu yake, na tairi lina mambo yake. Tena kipande kilichookotwa hakisemi kimekaa majini muda gani. Huenda kimetupwa jana.

Uamuzi: kuweka uso wetu wenyewe, wa aina moja kila kituo. Tulichukua marumaru za sakafu za sentimita 30 kwa 30, boksi moja TSh 28,000, fundi akazikata kila moja vipande vinne kwa TSh 10,000. Unaotumika ni mgongo wake, upande wa kukwaruza usiong'arishwa. Upande wa mbele unateleza, utando unaota kidogo na unaondoka wote maji yakiongezeka kasi.

28 Juni: Nondo zimeyeyuka

Tulitoboa marumaru tundu moja moja na kuzifunga kwa waya kwenye vipande vya nondo vya mita moja (TSh 24,000). Makosa manne kwa mkupuo. Kutoboa kulipasua robo ya marumaru. Nondo ni chuma, na chuma kina soko. Ndani ya wiki moja vituo viwili havikuwa na hata kimoja. Kituo cha tatu wachimba mchanga walifukua juu kidogo, marumaru zikafukiwa. Cha nne tulifunga chini ya daraja ili pasionekane, tukapata utando hafifu wa kijivu, bakteria watupu, kwa kuwa mwani bila mwanga hauoti.

5 Julai: Mianzi na mpira wa tyubu

Muundo uliokubali: fito za mianzi za mita moja na nusu zilizochongwa ncha, tatu kila kituo, TSh 1,500 kila moja, zikapigwa nyundo hadi nusu yake iingie mchangani. Marumaru mbili kwa kila ufito, zimefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyozungushwa mara tatu. Hakuna tundu wala waya. Mianzi haina bei kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Marumaru husimama wima, mgongo ukitazama ubavuni mwa mkondo, ukingo wa chini ukiwa sentimita 10 juu ya mchanga. Ukiilaza, tope linatua juu yake na unavuna tope. Kuinua kunasaidia pia kule juu, ambako konokono huutafuna utando usiku.

Penye daraja, tumia upande wa kaskazini. Dar es Salaam mwezi Juni hadi Agosti jua la adhuhuri huwa kaskazini, na upande wa kusini wa daraja hubaki kivulini. Ukifanya kazi Desemba, geuza.

Marumaru sita zinawekwa ili zivunwe tano. Muda ni wiki nne. Mafuriko yakipita katikati, anza kuhesabu upya.

2 Agosti: Kuvuna

Kila kituo: marumaru tano, mswaki mpya, beseni jeupe, mililita 50 za maji ya hapo hapo. Suuza marumaru taratibu mtoni kuondoa tope lililolegea, halafu sugua mgongo wote na uusuuzie kwenye beseni. Za kituo kimoja zinachanganywa ziwe sampuli moja. Mswaki usihamishwe kituo. Diatomu hujificha kwenye nywele zake, na wa Vingunguti ukifika Pugu unaharibu kazi. TSh 1,000 hadi 1,500 ni bei ndogo kuliko kurudi.

Upitishaji umeme, pH, joto na oksijeni iliyoyeyuka vilipimwa hapo hapo. Havitumiki kukokotoa alama, ni vya kuulizia pale alama inapotushangaza.

3 Agosti: Tone bichi, na lebo zilizofutika

Kabla ya kuweka dawa yoyote, tazama tone bichi kwa ukuzaji wa mara 400. Unatafuta diatomu zenye chembe za rangi ya kahawia ndani. Hizo ndizo zilizoishi hapo. Magamba matupu yakiwa mengi kuliko yenye rangi, umevuna yaliyosombwa kutoka juu, na sampuli hiyo tupa. Sampuli ya kwanza ya Kigogo tuliitia spiriti kwanza, rangi ikachujuka, tukashindwa kujua zipi zilikuwa hai. Tulirudi na marumaru ya sita.

Tone hilo hilo linatoa kipimo cha haraka cha Palmer (1969), kinachotazama mwani wa kila aina kwa jenasi: Euglena alama 5, Scenedesmus 4, Chlorella 3, Nitzschia 3, Navicula 3, Phacus 2, na kadhalika. Jumla ikifika 20, uchafu wa majitaka ni mkubwa. 15 hadi 19, unashukiwa. Kizuri chake ni kwamba hakihitaji kemikali. Kibaya ni kwamba Nitzschia zote zinapewa 3, wakati zimo zinazopenda majitaka na zisizoyataka kabisa. Kinafaa kwa kuamua uanzie wapi.

Dawa ya kuhifadhi: mililita 70 za sampuli kwa 30 za spiriti ya asilimia 70, inapatikana asilimia 21, inatosha miezi michache. Spiriti hiyo hiyo ilifuta maandishi ya maka kwenye chupa mbili. Tuliziokoa kwa kuwa moja ilikuwa nyeusi kwa tope na nyingine haikuwa. Sasa lebo ni karatasi iliyoandikwa kwa penseli, moja ndani ya chupa na moja nje.

9 Agosti: Peroksaidi ya saluni

Haidrojeni peroksaidi ya kuoshea inatakiwa iwe ya asilimia 30. Tulijaribu ya saluni kwa kuwa ni TSh 9,000 na iko kila mtaa. Iliyoandikwa "20 volume" ni asilimia 6 tu, "40 volume" ni 12, na nyingi zimechanganywa na krimu. Baada ya saa tano kwenye moto, sampuli ilikuwa bado ya kijani na juu ina mafuta. Tulinunua lita moja ya asilimia 30 kwenye duka la vifaa vya maabara, TSh 65,000, inatosha sampuli kama 40.

16 Agosti: Povu

Kwanza spiriti iondoke. Acha sampuli itulie, mwaga maji ya juu, jaza maji safi, rudia mara mbili. Spiriti iliyobaki ikikutana na peroksaidi kali ya moto inaweza kulipuka.

Mwongozo ulisema mililita 5 hadi 10 za sampuli na 20 za peroksaidi, pasha moto. Kwa Pugu ilikubali. Kwa Vingunguti povu lilipanda ndani ya dakika mbili, likafurika bika, na theluthi mbili ya sampuli ikaishia mezani. Vitu vya kuoza ni vingi mno kwenye utando wa majitaka, na vyote vinaungua kwa pamoja.

Njia iliyotufaa: mililita 2 za sampuli nzito kwenye bika la mililita 250, usilitazame ukubwa wake kwa dharau. Tia mililita 10 za peroksaidi baridi, funika kwa kioo bila kubana, acha usiku kucha. Povu la kwanza linapita bila moto. Asubuhi ongeza 10, weka bika kwenye sufuria yenye mchanga juu ya jiko la umeme, nyuzi 90 kwa saa mbili hadi tatu, nje au penye upepo. Ikibaki na rangi, ongeza 5. Ikipoa, mililita moja ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 huondoa chokaa na kutu. Miwani na glavu muda wote.

Wapo wanaotumia pamanganeti na asidi kali ya haidrokloriki. Ni rahisi kwa bei, lakini inatoa gesi ya klorini, na hatuna kabati la kufyonza mvuke. Ukiichagua njia hiyo, usimimine peroksaidi kali kwenye chombo chenye pamanganeti.

30 Agosti: Kuosha, kosa lililotugharimu wiki mbili

Baada ya asidi, sampuli inaoshwa kwa kuiacha itulie na kumwaga maji ya juu, mara nne au tano. Tulitumia silinda zenye maji ya kina cha sentimita 8 na kusubiri saa mbili. Maji yalionekana meupe, tukamwaga.

Slaidi za majaribio zilitoka na valvu kubwa nzuri. Shida ilijitokeza pale tone la maji tuliyomwaga lilipowekwa chini ya hadubini, kwa tahadhari tu: lilikuwa limejaa valvu ndogo, za mikroni 5 hadi 12. Tulikuwa tunazitupa kila tukiosha, mara nne mfululizo.

Kilichofanya kosa hili liwe baya ni kwamba valvu ndogo ndizo zinazobeba habari pande zote mbili. Mtoni chini, wadogo ni akina Sellaphora seminulum na Mayamaea atomus, wastahimilivu wa uchafu. Ukiwapoteza, kituo kichafu kinaonekana afadhali. Juu, mdogo ni Achnanthidium minutissimum, anayehesabiwa kuwa dalili ya maji mazuri. Ukimpoteza, kituo safi kinaonekana kibaya. Kwa hiyo vituo vyote vinasogeleana katikati, na mtu anaandika ripoti kwamba mto haubadiliki sana kutoka Pugu hadi Kigogo. Hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuligundua hilo, kwa sababu slaidi yenyewe inaonekana safi na nzuri.

Kanuni: saa moja kwa kila sentimita ya kina, kisha ongeza nusu yake. Sentimita 8 ni saa 12, yaani jioni hadi asubuhi. Mwaga kwa kufyonza na pipeti kutoka juu, acha sentimita 2 za chini bila kugusa. Tone la maji yanayotupwa litazamwe kila mara. Mwenye sentrifuji azungushe mara 2,500 kwa dakika, dakika 10, mara nne. Sampuli zote nne zilirudiwa kuanzia peroksaidi.

Mchanga unaondoka kirahisi: zungusha bika, hesabu hadi kumi, mimina maji na diatomu zake kwenye chombo kingine, mchanga ubaki. Hapo haraka ndiyo inayotakiwa.

Maji ya kuoshea: ya bomba huacha fuwele za chumvi kwenye slaidi. Tulitumia maji ya betri, chupa 12 za lita moja, TSh 18,000. Angalizo: madukani jina "maji ya betri" hupewa maji yaliyokenekwa na wakati mwingine asidi ya betri. Chupa moja kati ya zile 12 ilikuwa asidi. Karatasi ya pH kwanza, kisha upitishaji umeme, usizidi 10 µS/cm.

6 Septemba: Slaidi

Tone la nusu mililita kwenye kifuniko cha kioo, likauke lenyewe usiku kucha chini ya boksi la viatu. Feni ikiwaka, diatomu hukusanyika pete pembeni na katikati hapana kitu. Zikishikana mafungu, tone la amonia kloraidi ya asilimia 10 kwenye sampuli huzitawanya. Uzito unaofaa ni valvu 10 hadi 15 kwa kila uwanja wa kuona kwenye mara 1,000. Tulipunguza sampuli ya Kigogo kwa maji mara tatu ndipo tukafika hapo.

Gundi ya slaidi ndiyo iliyokula fedha. Tulianza na Canada balsam (TSh 30,000) na valvu zikawa mizimu. Gamba la silika linapinda mwanga karibu sawa na balsam, kwa hiyo mistari ya juu ya valvu haionekani. Rangi ya kucha isiyo na rangi ilikuwa mbaya zaidi. Panahitajika kitu chenye kipeo cha mpindo wa mwanga cha karibu 1.7, na kinachojulikana zaidi ni Naphrax. Kuagiza kichupa kidogo pamoja na usafirishaji kulifika TSh 190,000. Tone moja kwa slaidi, pasha moto hadi viputo viishe, kandamiza kwa kibanio. Slaidi tatu kwa kila sampuli, moja isiguswe, ni ya akiba.

20 Septemba: Kuhesabu

Mara 1,000, lenzi ya mafuta, valvu 400 kwa sampuli, kwa mistari iliyonyooka bila kurudia uwanja. Gamba zima ni valvu mbili. Kipande kihesabiwe kikiwa na sehemu ya katikati.

Watu wawili walihesabu slaidi zile zile bila kuonyeshana. Tulijiwekea kiwango cha mfanano wa asilimia 60 kwa kipimo cha Bray-Curtis, kinacholinganisha orodha mbili za spishi. Tatu zilipita, ya Vingunguti ikaanguka. Sababu ilikuwa Nitzschia. Nitzschia palea ina mistari 28 hadi 40 kwa mikroni 10, hadubini nyingi hazioni hata mmoja, kwa hiyo angalia vijipau vya ukingoni: kwa palea vimepangwa bila pengo katikati, kwa Nitzschia capitellata kuna pengo. Mmoja wetu hakuwa analitazama pengo. Gomphonema zilizolala ubavu pia zilileta ubishi. Tulikubaliana zigawiwe kwa uwiano wa zilizotambulika.

Juu, Achnanthidium minutissimum ndiye mwenye mji. Kuanzia Vingunguti, Nitzschia palea na Gomphonema parvulum wameshika usukani, wadogo wa Sellaphora wakifuata.

27 Septemba: Alama

Tumetumia IPS (Indice de Polluosensibilité Spécifique), fahirisi ya Kifaransa inayotumia kanuni ya Zelinka na Marvan ya 1961. Kila spishi ina namba ya usikivu (1 hadi 5) na ya uzito wa ushahidi (1 hadi 3). Zidisha wingi, usikivu na uzito, jumlisha, gawanya kwa jumla ya wingi mara uzito. Jibu zidisha kwa 4.75, toa 3.75, unapata alama kati ya 1 (maji machafu kabisa) na 20 (maji safi).

Mfano, namba za kufundishia, si za kituo chochote: N. palea 240 (usikivu 1, uzito 3), G. parvulum 120 (2, 1), A. minutissimum 40 (5, 1). Jumla inayogawanywa: 720 + 240 + 200 = 1,160. Kigawanyi: 720 + 120 + 40 = 880. Jibu 1.318, alama 2.5. Palea mmoja ana sauti ya gomphonema watatu. Ndiyo maana ubishi wa pengo la katikati haukuwa wa kitaaluma tu.

Lahajedwali yetu ya kwanza iliipa Pugu alama ya aibu. Majina ndiyo yaliyokosana: jedwali la zamani linaandika Achnanthes minutissima na Navicula seminulum, sisi tuliandika Achnanthidium na Sellaphora. Spishi isiyopata jina lake huachwa nje kimya kimya. Weka safu inayoonyesha asilimia ya valvu zilizopata namba, na ikishuka, tafuta majina ya zamani kwanza. Baada ya hapo ndipo ulaumu tropiki. Kweli zipo spishi za kwetu ambazo jedwali la Ulaya halizijui, na hizo hatuzipachiki namba ya jirani yake.

TDI (Trophic Diatom Index) ya Uingereza, ya 0 hadi 100, tuliikokotoa na kuiweka pembeni. Imetungwa kupima rutuba ya fosfeti, na inatakiwa isomwe pamoja na asilimia ya valvu zinazostahimili majitaka. Asilimia hiyo ikivuka 20, TDI ianze kutiliwa shaka. Vituo vyetu vitatu vya chini vimeivuka mbali.

Tumeulizwa kama alama hizi zinasema chochote kuhusu mchicha unaomwagiliwa kwa maji haya. Hapana. Diatomu hazipimi bakteria wa kinyesi, na kuhusu metali nzito zinatoa fununu tu, valvu zikiwa zimepinda au kubonyea. Hizo tunaziandika safu yake.

4 Oktoba: Gharama na kinachoendelea

Ambazo hazijatajwa: mianzi 18,000, miswaki 6,000, spiriti 12,000, asidi 20,000, slaidi na vifuniko 22,000, siku nne za hadubini ya kukodi 100,000. Jumla yote bila nauli ni TSh 552,000. Kati yake 63,000 ni nondo, peroksaidi ya saluni na balsam. Awamu ya pili haitahitaji Naphrax wala marumaru mpya.

Fito zimepigwa tena leo vituo vyote vinne. Kuvuna ni 1 Novemba, vuli ikituruhusu. Safari hii kila kituo kina ufito mmoja wa ziada mita tano upande wa juu wa mto kutoka zile nyingine, marumaru zake zitahesabiwa peke yake, tujue kituo kimoja kinatofautiana na nafsi yake kiasi gani.